Amesajiliwa au Huenda Akasajiliwa? Lugha ya Habari za Usajili na Matarajio ya Mashabiki wa Kandanda wa Meru na Embu

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Juni hadi mwisho wa Agosti, na tena katika mwezi wa Januari, kandanda ya Ulaya huchezwa kwa ulimi zaidi ya inavyochezwa kwa mguu. Huu ndio msimu wa usajili. Katika vibanda vya video vya Makutano mjini Meru, katika vibanda vya vinyozi kule Runyenjes na kwenye kituo cha matatu mjini Embu, swali linaloulizwa si nani amefunga bao bali ni nani anayehamia wapi, kwa pesa ngapi, na habari hiyo imetoka kwa nani. Redio huiitikia kiu hiyo kila asubuhi, na magazeti hali kadhalika. Hata hivyo, manung'uniko ya mashabiki hayaishi, na ajabu ni kwamba hawanung'unikii uchache wa habari. Wananung'unika kwamba wameambiwa mengi ambayo hayakutokea.

Makala haya yanaeleza kile ambacho shabiki wa sehemu hizi hukitarajia kutoka kwa wale wanaomletea habari za usajili kwa Kiswahili. Dai la msingi ni kwamba shabiki hutaka, kabla ya jambo lingine lolote, apimiwe uhakika wa habari anayopewa. Kiswahili kina vipimo vya kazi hiyo, tena vya kutosha. Tatizo ni kwamba vipimo hivyo aghalabu huachwa kabatini.

Ikumbukwe kwamba Meru na Embu hazijawahi kutoa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Shabiki wa huku huiazima klabu yake kutoka mbali: Gor Mahia au AFC Leopards kwa wachache, na Arsenal, Manchester United, Chelsea au Liverpool kwa walio wengi. Viwanja vipo. Kinoru mjini Meru ulikarabatiwa kwa ajili ya michuano ya CHAN ya 2018, ambayo Kenya ilipokonywa uenyeji wake Septemba 2017, na ukaishia kuandaa sherehe za Madaraka za 2018. Uwanja wa Moi mjini Embu nao uliandaa Madaraka ya 2023. (Si vibaya kusema kwamba viwanja hivi viwili vimejulikana nchini kwa gwaride kuliko kwa kandanda.) Mtu ambaye timu yake haionekani kwa macho huishi kwa habari, na habari ikiwa mbovu hana uwanja wa kukimbilia akajionee.

Lipo pia suala la lugha. Kwa mambo ya nyumbani, Mmeru huweza kuisikiliza Muuga FM na Mwembu akaisikiliza Wimwaro FM, kila mmoja kwa lugha yake ya kwanza. Ila kandanda kwa wengi imekuja ikiwa imevaa Kiswahili, kupitia idhaa ya taifa hapo zamani, kisha Radio Citizen, Radio Jambo na Radio Maisha. Wako watu wa Tigania na Mbeere waliojifunza maneno kama kimia, mkwaju na kiungo kutoka redioni kabla ya mwalimu yeyote kuyaandika ubaoni. Kwa hivyo namna mtangazaji anavyokitumia Kiswahili ni somo la lugha pia, apende asipende.

Shahidi na msikiaji

Utangazaji wa kandanda kwa Kiswahili nchini Kenya ulikuzwa na watu waliosema walichokiona. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, na wenzake wa Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ilirejea kuitwa KBC, waliketi uwanjani wakauhamishia mchezo kwenye masikio ya taifa. Msikilizaji wa Chuka au Siakago hakuwa na njia ya kuthibitisha aliyoyasikia, wala hakuihitaji, kwa kuwa mtangazaji alikuwa shahidi. Aliposema mpira umetoka nje, umetoka. Kiambishi -me- kinywani mwake kilikuwa na dhamana ya macho.

Habari za usajili hazina shahidi wa namna hiyo. Mazungumzo hufanywa faraghani kati ya klabu mbili, mchezaji na wakala wake, na kila mmoja wao ana faida katika kuvujisha neno. Wakala huitaja klabu ya tatu ili bei ipande. Klabu inayouza hukana kwamba mchezaji anauzwa ili mnunuzi aongeze mkono. Mtangazaji aliye Nairobi huyapokea maneno hayo yakiwa yamepita mikono mitatu au minne, pengine kutoka Kihispania hadi Kiingereza na ndipo Kiswahili, kisha huyatamka kwa sauti ile ile ya shahidi aliyoirithi kwa watangulizi wake. Sauti ni ya mtu aliyeona, ilhali mwenye sauti amesikia tu.

Hali hii si ya zamani sana. FIFA iliweka vipindi maalumu vya usajili kwa dunia nzima kuanzia msimu wa 2002/2003. Kabla ya hapo, baadhi ya ligi ziliruhusu wachezaji kuhama kwa sehemu kubwa ya mwaka, na habari zilitoka kwa matone. Kipindi kilipofupishwa, matone yakawa mafuriko, na Kiswahili kikalazimika kubuni msamiati wake haraka: dirisha la usajili, mchezaji huru, kwa mkopo, kuvunja mkataba. Istilahi hizi zilikubalika pasipo kamati yoyote kuketi, jambo ambalo wanaleksikografia wangefaa kulitafakari.

Linganisho na Marekani linasaidia kuonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Huko hakuna mnada wa chipukizi bali kuna drafti, yaani uteuzi wa zamu, ambapo kwa kawaida timu iliyofanya vibaya hupewa nafasi ya kuchagua mapema. Ligi ya kandanda ya Kimarekani, ile ya mpira unaobebwa, ilianza utaratibu huo mwaka 1936. Afrika Mashariki imeusikia kupitia watoto wake: Hasheem Thabeet wa Tanzania aliteuliwa wa pili katika drafti ya mpira wa vikapu ya NBA mwaka 2009, na Mkenya Philip Mayaka akateuliwa wa tatu katika drafti ya ligi ya soka ya MLS mwaka 2021, akachukuliwa na Colorado Rapids. Katika drafti, tarehe inajulikana na zamu inajulikana. Wachambuzi hubashiri kwa majuma mengi, lakini kila mtu anajua ni ubashiri, na siku ikifika kila jina husomwa hadharani. Shabiki wa huko anachotaka zaidi ni kuelezwa kijana huyu ni nani, amecheza wapi, ana kasoro gani. Usajili wa kandanda hauna usiku wa kusomwa majina. Ubashiri na tukio huchanganyika katika taarifa moja, na ni lugha pekee inayoweza kuvitenganisha.

Mfano wa McDonald Mariga unafaa kurejelewa. Mwishoni mwa Januari 2010, kiungo huyu wa Parma ya Italia alikaribia kujiunga na Manchester City. Wakenya wengi waliamini kwamba jambo limekwisha. Halikuwa limekwisha, kwa sababu sheria za Uingereza za wakati huo zilimtaka mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe wa nchi iliyo miongoni mwa 70 bora katika orodha ya FIFA, na awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu ya taifa lake katika miaka miwili. Kenya haikuwa karibu na nafasi ya 70. Waziri Mkuu wa wakati huo, Raila Odinga, alijitokeza kumtetea ili apewe kibali, lakini saa za dirisha zilikuwa zikiyoyoma. Mariga akaenda Inter Milan, klabu iliyotwaa Ubingwa wa Ulaya Mei mwaka huo huo. Hasara haikuwa kubwa, basi. Ila shabiki aliyeambiwa kwamba Mariga amekwenda City alikuwa na haki ya kuambiwa mapema kuhusu kile kizingiti cha 70. Habari hiyo ilikuwa sheria ya wazi, haikuhitaji mpelelezi.

Viambishi vya uhakika

Mwanafunzi wa isimu anafahamu kwamba kitenzi cha Kiswahili hubeba wakati, hali na mtazamo wa msemaji. Tuchukue sentensi chache za kubuni kuhusu mchezaji yeyote. "Amesajiliwa na Chelsea" inadai kwamba tendo limekamilika na matokeo yake yapo. "Atasajiliwa na Chelsea" ni ahadi. "Huenda akasajiliwa" ni uwezekano, na "angesajiliwa" ina sharti lililofichwa ambalo msikilizaji atalidai: angesajiliwa kama nini? "Eti amesajiliwa" humwondolea msemaji dhamana na kumdokezea msikilizaji asiamini upesi. Hizi ni ngazi, na kila ngazi ina mahali pake. Kasoro ya taarifa nyingi za usajili ni kwamba huanza kwa "amesajiliwa" katika kichwa, zikashuka hadi "anakaribia" katika aya ya kwanza, na kufikia aya ya tatu mchezaji "anahusishwa na" klabu hiyo tu. Anayesikia kichwa akazima redio ili awahi shambani ameondoka na uongo.

Lipo jambo jingine la kisarufi ambalo halijapewa uzito unaostahili. Kauli ya kutendwa humruhusu mtenda atajwe kwa kiunganishi "na": imesemwa na kocha, imeripotiwa na gazeti fulani. Kauli ya kutendeka haimruhusu. Mtu hawezi kusema "inasemekana na kocha" akaeleweka kuwa kocha ndiye msemaji. Neno "inasemekana", ambalo limekuwa chumvi ya kila taarifa ya usajili, limemfungia mlango mtoa habari tangu kwenye unyambulishaji wake. Shabiki wa Meru anapouliza "kasema nani?", anakidai kile ambacho kitenzi kimekwisha kukimeza. Kwa sababu hiyo, ushauri kwamba watangazaji waepuke "inasemekana" na kutumia "imesemwa na" si ushauri wa mtindo tu. Unamlazimisha mwandishi awe na jina la kulitaja baada ya "na". Asipokuwa nalo, atajua kwamba habari yake bado haijaiva.

Kwa upande wa wakati, msikilizaji wa Kimeru au Kiembu ana sababu ya ziada ya kutoridhika. Lugha hizi mbili, ambazo Guthrie aliziweka katika kundi moja la E50 pamoja na Kikuyu, hutenga katika kitenzi wakati uliopita wa leo, wa jana na wa zamani zaidi. Kiswahili hukusanya yote hayo katika -li-. "Klabu ilitoa ofa" yaweza kuwa asubuhi ya leo au majuma matatu yaliyopita. Mtu ambaye lugha yake ya mama humjuza siku ndani ya kitenzi huhisi pengo, na pengo hilo hujazwa kwa kielezi kimoja tu: leo asubuhi, jana jioni, Jumatatu iliyopita. Si gharama kubwa, lakini taarifa nyingi huikwepa, pengine kwa sababu tarehe ingefichua kwamba habari imelala.

Inapaswa kukiri kwamba wapo wanaofanya vizuri. Idhaa ya Kiswahili ya BBC huzikusanya habari za aina hii chini ya jina "tetesi", na kwa neno hilo moja msomaji ameshaonywa. Anayesoma tetesi anajua anasoma tetesi. Mwandishi wa Kiitaliano Fabrizio Romano naye amejipatia wafuasi duniani kote kwa fomyula ya maneno matatu ambayo huitoa tu pale anapoona kwamba makubaliano yamefikiwa. Vijana wa Embu huingoja kama muhuri. Wanachokipenda kwake ni mpaka anaouweka kati ya habari mbichi na habari iliyoiva, na mpaka huo Kiswahili chaweza kuuweka kwa "huenda" na "amesaini" bila kuazima chochote.

Kwamba watu wa sehemu hizi wanajua kupima habari ni jambo lisilohitaji hoja ndefu. Uchumi wao umewafunza. Mkulima wa miraa wa Maua au Kangeta huishi kwa tofauti kati ya "ndege imeruka" na "ndege itaruka". Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, na Somalia ilipositisha kuipokea kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, uvumi wa kufunguliwa kwa soko ulisambaa kila mara, na aliyechuma kwa kuamini uvumi alirudi na mafungu yaliyokauka. Mkulima wa majani chai wa Rukuriri kule Embu au Githongo kule Meru naye hutofautisha vyema bonasi iliyotangazwa na bonasi inayotarajiwa. Hakuna mwenye duka anayemkopesha kwa "inasemekana". Watu hao hao jioni hukaa kusikiliza habari za usajili. Kuwadhania kwamba hawawezi kuvumilia "huenda" ni kuwadharau.

Na si burudani tu iliyo hatarini. Tangu SportPesa ilipoanza shughuli nchini mwaka 2014, na kampuni nyingine zikafuata, kijana mwenye simu huweza kuweka shilingi zake juu ya mechi ya Jumamosi kwa kuamini kwamba mshambuliaji fulani keshahama au keshafika. Kiambishi kimoja kikitumiwa vibaya huweza kumgharimu mtu nauli ya juma zima.

Victor Wanyama anaonyesha jinsi ngazi zile zinavyofanya kazi katika maisha halisi ya mchezaji mmoja. Julai 2013 alihama kutoka Celtic ya Uskochi kwenda Southampton kwa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Katikati ya 2015 alihusishwa sana na Tottenham Hotspur. Dirisha likafungwa angali Southampton. Alihamia Tottenham Juni 2016. Kwa muda wa mwaka mzima, basi, sentensi ya kweli ilikuwa "anatakiwa na Tottenham", na kila aliyesema "ameenda Tottenham" alikuwa akizungumzia mwaka ambao haujafika.

Michael Olunga naye alihitaji maelezo ya aina nyingine. Katika msimu wa 2017/2018 aliichezea Girona ya Uhispania, na Januari 2018 akaifunga Las Palmas mabao matatu katika mechi moja. Mashabiki wengi walishangaa alipoondoka. Olunga alikuwa Girona kwa mkopo tu, na klabu iliyommiliki ilikuwa Guizhou Zhicheng ya China. Neno "mkopo" lilikuwa limetajwa, lakini lilitajwa kama pambo. Mkopo una muda na una mwenye mali, na hayo mawili ndiyo ya kuelezwa.

Mvulana wa klabu ya mtaani

Lipo tarajio la mwisho, nalo halisemwi kwa sauti kubwa katika vibanda vya video kwa kuwa wengi wameshakata tamaa nalo. Shabiki wa Meru na Embu angetaka kusikia, angalau mara moja katika dirisha zima, habari ya mvulana wa kwao. Drafti ya Marekani huwafanya watu wamjue kijana wa chuo kabla hajalipwa hata senti. Taarifa za usajili za huku humtaja mchezaji akiwa tayari ameshafika Ulaya. Mvulana wa Kangaru au Meru School mwenye mguu mzuri hana kipindi kinachomtaja.

Ukimya huo una gharama, kwani mahali pasipo na habari za kweli huingia watu wa uongo. Wapo wanaojiita mawakala wanaowaendea wazazi wakidai pesa za pasipoti, viza na majaribio huko Ulaya. Mzazi aliyeuza ng'ombe angenusurika kwa sentensi moja ya redio: kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache, mathalan wazazi wenyewe wanapohama kwa sababu zisizohusu kandanda. Anayemwahidi mvulana wa miaka 15 kutoka Igembe mkataba wa Ubelgiji anaahidi kisichoruhusiwa. Tena, tangu mwaka 2023 FIFA imerejesha mtihani na leseni kwa mawakala, na jina la wakala halali huweza kuthibitishwa.

Fauka ya hayo, zipo pesa zinazopotea kwa kukosa maelezo. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea tangu mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 hupata sehemu ya 5 katika 100 ya fungu hilo, na kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23 hupata sehemu ya 10 katika 100. Chukua ada kama ile ya pauni milioni 12.5. Klabu ya mtaani iliyomlea mchezaji wa namna hiyo kwa miaka minne ya kwanza ingestahili asilimia 1 ya ada yote, yaani pauni 125,000. Kiasi hicho kingenunua kiwanja, mipira na basi, na chenji ikabaki.

Sharti ni kwamba klabu iwe imesajiliwa na shirikisho, na mvulana awe ameandikishwa kwa jina lake halisi, kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa, msimu baada ya msimu, ili klabu ionekane katika pasipoti ya mchezaji ambayo shirikisho hutoa. Huu nao ni usajili, ingawa hakuna kipindi cha asubuhi kinachoutangaza. Katibu wa klabu ndogo ya Runyenjes au Nkubu anayejaza fomu hizo kwa kalamu mwanzoni mwa msimu anaweza kusema "amesajiliwa" bila kuongeza "inasemekana", kwa sababu karatasi iko mkononi mwake. Asipozijaza, klabu haitakuwa na cha kudai siku ada itakapolipwa, hata kama kijiji kizima kinamkumbuka aliyemfundisha mvulana huyo kupiga mpira kwa mguu wa kushoto.